Daktari asiyekabidhi zamu vizuri hafiki nyumbani: tujadili ukocha kwa madaktari wa Uganda

TABIBU WA MASHARIKI (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, hasa madaktari, wauguzi na wakunga mnaofanya kazi hapa Uganda, salamu kwenu nyote. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika hospitali ya mashariki ninakofanya kazi, lugha hii ndiyo inayotukutanisha mimi, mkunga aliyetoka ng'ambo ya mpaka wa Busia, na dereva wa gari la wagonjwa aliyekulia Arua, na ningependa jambo hili lijadiliwe katika lugha ambayo sote watatu tunaweza kuchangia.

Nimekuwa daktari kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka sita ya mwisho nimekuwa nikikaa na madaktari wenzangu, mmoja mmoja, kama kocha. Neno hilo wengi wetu tunalijua kutoka uwanja wa mpira, na kwa kweli halijapotoka sana: kocha hachezi badala ya mchezaji, wala hamtibu akiumia, ila humsaidia kuona namna anavyocheza. Mshauri nasaha hukaa na mtu mwenye jeraha la moyo. Mlezi wa kitaaluma ni mkubwa anayemwonyesha mdogo njia aliyokwisha kuipita. Kocha hana njia ya kuonyesha. Anauliza maswali, anasikiliza kwa makini kuliko tulivyozoea kusikilizana wodini, na anamrudisha mtu kwenye maamuzi yake mwenyewe.

Nitaeleza kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mhusika. Daktari kijana aliyekuwa akiongoza kituo cha afya cha daraja la nne, chenye madaktari wawili tu, alinijia akiwa na ombi moja: nimsaidie kupanga ratiba ili apate kuwaona watoto wake wakiwa macho. Sikumpa ratiba. Nilimwomba kwa wiki mbili aandike kila simu iliyompata akiwa nje ya zamu, nani alipiga, saa ngapi, na alitaka nini. Aliporudi na daftari lake tulilisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliona jambo lile kabla sijasema neno. Zaidi ya nusu ya simu zilihusu wagonjwa aliokuwa amekwisha kuwakabidhi kwa mwenzake. Huyu mama ulitaka apewe dawa hadi lini? Damu uliyoagiza kutoka benki ya damu imethibitishwa? Ndugu wa yule mzee wameshaelezwa kwamba mguu utakatwa, au nianze mimi? Kazi ilimfuata hadi mezani kwa sababu aliiacha wodini ikiwa nusu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Makabidhiano yao yalikuwa ya dakika tatu mlangoni, mmoja akiwa ameshavaa kofia ya bodaboda, na kwa hiyo kila mgonjwa aliyebaki alibaki bado ni wake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyatenganisha mambo mawili ambayo semina zetu huyatenganisha, yaani mizani ya kazi na nyumbani kwa upande mmoja, na mawasiliano kazini kwa upande mwingine. Kwa daktari wa Uganda naamini ni jambo moja, na mahali linapoonekana wazi ni pale zamu inapobadilishwa. Daktari aliyekabidhi kwa ukamilifu anaweza kwenda nyumbani na akafika. Aliyekabidhi vibaya anakwenda na wodi yote mfukoni, ndani ya simu.

Kuna ushahidi kuhusu makabidhiano. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka wodi za watoto za hospitali tisa za Marekani na Kanada, ambako madaktari walio mafunzoni walifundishwa kukabidhi kwa utaratibu mmoja: uzito wa hali ya mgonjwa, muhtasari wake, kazi zilizobaki, nini kinaweza kuharibika usiku na kifanyike nini kikiharibika, kisha anayepokea arudie kwa maneno yake. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30, na muda wa kumzungumzia kila mgonjwa haukurefuka kwa kiasi cha kutajika. Naomba mwenye kusema kwamba hatuna muda wa kukabidhi aisome tena sentensi hiyo ya mwisho.

Kuhusu ukocha wenyewe, jaribio lililotoka Kliniki ya Mayo, Marekani, mwaka 2019 liliwagawa madaktari 88 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilizungumza na kocha kwa simu mara sita ndani ya miezi mitano, jumla ya saa tatu na nusu tu. Idadi ya wenye uchovu mkubwa wa hisia ilishuka kwa asilimia 19.5 katika kundi hilo, huku ikipanda kwa asilimia 9.8 katika kundi ambalo halikuwa na kocha. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linauelezea uchovu wa namna hii kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, na haliuweki katika orodha ya magonjwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kujiona hafai tena katika kazi aliyoisomea. Nimekutana na daktari ambaye sura ya pili ilianza pale alipoacha kuwaita wagonjwa kwa majina na kuanza kuwaita kwa vitanda. Yeye mwenyewe hakutambua hadi binti yake, aliyemfuata kazini siku moja, alipomuuliza kwa nini yule bibi anaitwa Kumi na Nne.

Nawaombeni mseme mnayoyaona katika vituo vyenu, pamoja na pale mnaponiona nimekosea. Sitaki majina ya hospitali wala ya watu.

SISTA WA WODI YA WAZAZI

Daktari, nashukuru kwa uzi huu, ila umeanza na daktari anayemkabidhi daktari. Sisi wauguzi na wakunga ndio tunaobaki na mgonjwa usiku kucha, na mazungumzo yanayovunjika zaidi ni yale kati yetu na daktari wa zamu.

Nitasema ukweli wangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mama aliyejifungua na damu haikukata. Nilimpigia daktari nikasema, "Daktari, samahani kwa kukusumbua, kuna mama mmoja hapa sielewi hali yake, labda ukipata nafasi ungepita kumwona." Alinijibu kwamba atakuja baada ya chakula. Alifika baada ya dakika arobaini. Yule mama alipona, lakini alipoteza mji wa uzazi, na alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo huyo aliyemzaa usiku ule. Kwa muda mrefu nilimlaumu daktari. Baadaye nilianza kuyarudia maneno yangu mwenyewe kichwani. Sikuwa nimetaja damu. Sikuwa nimetaja namba hata moja. Nilikuwa nimeomba radhi kwa kupiga simu.

Nimelelewa kwamba mkubwa haambiwi "njoo sasa". Wengi wetu tumelelewa hivyo, tuwe tumezaliwa Soroti au Masaka au Kabale, na mtu akishaitwa "Musawo Mkuu", yaani daktari mkuu, tunamwongeza heshima juu ya heshima hadi ujumbe unazama. Sasa kocha wako, akikaa na daktari peke yake chumbani, atamfikia vipi muuguzi aliyeko upande wa pili wa simu?

TABIBU WA MASHARIKI

Sista, umenisahihisha, na ninalipokea. Nilikuwa nikiuona mlango mmoja wa wodi.

Kuna utaratibu wa kupiga simu ambao ulianzia katika jeshi la maji la Marekani, kwenye nyambizi za nyuklia, mahali ambapo ofisa mdogo lazima amweleze mkubwa jambo zito kwa maneno machache bila kuonekana hana adabu. Hospitali za Kaiser Permanente za huko ziliuchukua mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ukaenea. Una hatua nne: hali iliyopo sasa, historia fupi, tathmini ya anayepiga, na ombi. Tulipoujaribu kwetu, hatua mbili za kwanza hazikumsumbua mtu. Zilizowashinda wauguzi wetu zilikuwa mbili za mwisho, kwa sababu mkunga mwenye uzoefu wa miaka ishirini alikuwa amezoeshwa kuona kwamba kutoa tathmini ni kumwingilia daktari kazi.

Simu yako ya usiku ule, kwa utaratibu huo, ingekuwa hivi: "Daktari, napiga kuhusu mama wa kitanda cha sita anayevuja damu. Amejifungua saa moja iliyopita, uzao wa kwanza, kondo limetoka lote. Mapigo ya moyo ni 124, presha ni 90 kwa 50, na mji wa uzazi ni laini. Naona haujajikaza. Nimempa oksitosini, nimeweka mishipa miwili ya maji, na ninakuomba uje sasa hivi." Hakuna neno la utovu wa adabu humo. Anayeisikia simu hiyo hawezi kuendelea kula.

Ila naomba usibebe mzigo wote peke yako. Daktari aliyesikia sauti ya mkunga mzoefu usiku alipaswa kuuliza: damu kiasi gani, presha ngapi, unaogopa nini? Ninapokaa na daktari kama kocha, mojawapo ya mambo ninayomwomba afanye ni kumwuliza muuguzi mmoja anayemwamini swali hili: ni jambo gani umewahi kusita kuniambia? Nimeona watu wazima wakirudi na jibu la swali hilo wakiwa hawana usingizi. Baada ya hapo, kwa kawaida, ndipo mazungumzo yetu ya kweli huanza.

INTANI WA MAGHARIBI

Nawaheshimu wakubwa zangu wote, lakini naomba niseme ambalo sisi tulio katika mafunzo ya kazini tunalisema tukiwa peke yetu. Tunaogopa huu ukocha. Tunaogopa kwamba ni njia ya kumfundisha daktari avumilie yale ambayo serikali na hospitali zingepaswa kuyarekebisha. Mimi nimefanya zamu ya saa thelathini na mbili nikiwa peke yangu wodini, bila glavu za kutosha, huku posho ikiwa imechelewa. Hapo nikiulizwa "unadhani ungebadilisha nini ndani yako?", nitasikia ninalaumiwa. Madaktari waligoma Novemba 2017 kwa mwito wa Chama cha Madaktari wa Uganda kwa sababu ya mishahara na ukosefu wa vifaa. Hawakugoma kwa kukosa kocha.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema saa 48 kwa wiki na siku ya mapumziko kila wiki. Nani ameiona siku hiyo?

TABIBU WA MASHARIKI

Mdogo wangu, hofu yako ni ya haki na sitaijibu kwa kuizunguka.

Kocha akitumiwa na uongozi ili watu wazidi kubeba mzigo usiobebeka, ukocha huo ni dhuluma, na daktari anayeombwa kuifanya kazi hiyo anapaswa kukataa. Hata lile jaribio la Mayo nililolitaja, ambalo nilikuwa na haraka ya kuonyesha mazuri yake, halikuonyesha tofauti ya maana katika kuridhika na kazi wala katika ile hali ya moyo kujitenga na wagonjwa. Tena lilifanywa kwa madaktari waliokwisha kubobea, katika taasisi tajiri. Saa tatu na nusu za mazungumzo hazileti glavu.

Lakini niruhusu nieleze kwa nini bado naufanya. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 mshahara wa daktari wa kawaida serikalini ulipandishwa hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi. Nilitarajia wengi wataacha kliniki ya pili na ya tatu wanakofanya kazi ya ziada. Baadhi waliacha. Daktari mmoja hakuacha, na siku moja tuliketi na kalamu tukaihesabu ile kliniki yake ya usiku: mafuta ya gari, chakula, mtu wa kukaa na watoto, na siku mbili kila mwezi ambazo alilala hadi saa sita mchana kwa sababu mwili ulikataa. Kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo kuliko alivyokuwa akijiambia kwa miaka minne. Sikumwambia aache. Alikaa kimya, halafu akasema kwamba tatizo halikuwa fedha: hakuwa amewahi kujua namna ya kumwambia mwenye kliniki, aliyekuwa mwalimu wake, kwamba amechoka. Tulitumia kikao kizima kutafuta maneno ya mazungumzo hayo, akayasema kwa sauti mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu sauti haikutetemeka.

Na kwa upande wako, ningekuuliza swali lingine kabisa. Zamu ile ya saa thelathini na mbili uliiandika popote? Uongozi hausikii kilio kisicho na tarehe. Vijana wanne wakiweka daftari moja la saa walizofanya, wagonjwa waliowaona na vifaa vilivyokosekana, wakaliwasilisha kwa adabu na kwa pamoja, hayo ni mawasiliano kazini, na ni kazi halali ya kocha kuwasaidia kuyaandaa. Mtu aliyechoka sana huwa na namna mbili tu za kusema, kunyamaza au kulipuka, na zote mbili humpa mkubwa nafasi ya kutokusikiliza.

Nitaongeza sharti moja ambalo silipindishi. Yanayosemwa kwa kocha hayaendi kwa mkurugenzi wa hospitali, hata yeye akiwa ndiye aliyelipa. Na kuna mahali kocha anapaswa kusimama. Mtu ambaye halali wiki nzima, anayekunywa ili aweze kuingia zamu, au anayefikiria kufa, anahitaji matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote, na kumwekea vikao vya maswali ni kumchelewesha. Mimi nimewahi kumsindikiza mwenzangu hadi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, tukakaa foleni pamoja.

MWALIMU, MKE WA DAKTARI

Mimi si mtu wa hospitali, ila nimeishi na hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Mume wangu ni mtu mwema sana. Akirudi, anakuwa amemaliza maneno yake yote kwa wagonjwa, na sisi tunapata kichwa kinachotikisika.

Kuna jambo ambalo hamjaligusa. Hapa kwetu daktari ni wa ukoo mzima. Jumapili tukitoka kanisani simu zinaanza: shangazi wa kijijini anataka kujua kama aache dawa za presha, binamu anamleta mtoto bila taarifa, jirani amepata picha ya eksirei na anaituma kwa WhatsApp. Hawezi kumkatalia mtu, kwa sababu ada yake ya shule ililipwa kwa kuuza ng'ombe wa baba mkubwa, na kila anayepiga ana haki yake ndani ya ng'ombe wale. Namwelewa. Lakini mwanangu wa kwanza, alipoambiwa shuleni amchore baba yake, alimchora akiwa na simu mahali pa sikio.

Kocha anafanya nini na ukoo?

TABIBU WA MASHARIKI

Mwalimu, nimelisoma la mchoro mara kadhaa kabla ya kujibu.

Kukataa kabisa hakuwezekani, na sidhani ni haki. Wale waliouza ng'ombe hawakuwekeza kwa mtu atakayezima simu. Ninachowauliza madaktari ni kama deni hilo linaweza kulipwa kwa utaratibu. Mmoja wao aliita kikao cha ukoo wakati wa sikukuu ya Krismasi, wazee wakiwa wameketi, akasema mbele yao kwamba yeye ni mtoto wao na dawa zake ni zao, na akaomba wampe jioni ya Jumatano iwe siku ya simu za ukoo, na kwamba dharura ya kweli, yaani damu, kupumua, au mtu aliyezimia, ipigwe wakati wowote. Alimwomba baba yake mdogo, ambaye watu humwogopa kidogo, ndiye awe msimamizi wa Jumatano. Wazee walikubali kwa sababu waliulizwa. Angetuma ujumbe wa simu kusema hayo hayo, ingekuwa matusi.

Kuhusu kichwa kinachotikisika, ningependa mumeo ndiye anijibu, si wewe. Akitaka kuzungumza, jukwaa hili lina njia ya ujumbe wa faragha.

BINGWA MSTAAFU

Nimewasoma wote kwa utulivu, na ninaona ni wajibu wangu kusema, kwa kuwa mengi ya haya tuliyajenga sisi.

Nilifundishwa upasuaji kwa kuaibishwa mbele ya wagonjwa, na nikafundisha hivyo hivyo. Katika raundi kuu, tukipita wodini kitanda kwa kitanda, nilikuwa nikimwuliza kijana swali, na asipojua nilimwacha amesimama hadi mwisho, wauguzi wakitazama chini. Niliamini ninamkaza. Kijana mmoja niliyemtendea hivyo aliona, wiki chache baadaye, kwamba ninajiandaa kumpasua mgonjwa upande usio sahihi, na akasita kusema. Aliyesema ni mtoa dawa za usingizi. Nilimwita yule kijana baadaye nikamwuliza kwa nini alinyamaza, naye akanitazama tu. Ningependa kumwomba radhi, na sijui alipo leo.

Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane, mmoja wao ukiwa Ifakara, Tanzania, karibu na sisi kabisa. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sehemu mojawapo ya orodha hiyo inawataka watu wote chumbani wataje majina yao na kazi zao kabla ya kisu kugusa ngozi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni mchezo wa watoto. Baadaye nilielewa kwamba mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele yako ni rahisi zaidi kwake kutamka pia kwamba unakosea.

Neno lingine, na hili ni zito kwangu. Tumewalea vijana kwa kumbukumbu ya Dokta Matthew Lukwiya, aliyebaki na wagonjwa wa Ebola pale hospitali ya Lacor, Gulu, na akafa Desemba 2000, na ni sawa tuwalee hivyo. Mwaka 2022, Ebola ilipozuka Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Hao tunawaheshimu milele. Lakini nimeona viongozi wakilitumia jina la mashujaa hao kumnyamazisha kijana anayeomba likizo yake ya mwaka. Kujitoa wakati wa mlipuko ni jambo moja. Kuchoka kila wiki kwa sababu mtu fulani hakupanga zamu kwa uangalifu ni jambo jingine, na halina ushujaa wowote. Hata lile tamko la madaktari wa dunia, la Geneva, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma iliyo bora.

TABIBU WA MASHARIKI

Mzee wangu, ahsante sana. Sina la kuongeza juu ya yale ya raundi kuu, isipokuwa kukuomba ruhusa niyasome mbele ya madaktari bingwa wa hospitali yetu. Wakiyasikia kutoka kwangu watasema ninawafundisha adabu, lakini wakiyasikia kutoka kwako watanyamaza.

Kwa wale walioniuliza kwa ujumbe gharama ni kiasi gani: kocha wa kulipwa ni nje ya uwezo wa wengi wetu, na kwa sababu hiyo tumeanza kwa jozi. Madaktari wawili wasiosimamiana kazini hukutana dakika arobaini na tano kila baada ya wiki mbili, nje ya hospitali. Mmoja huzungumza, mwingine huuliza tu, bila kutoa ushauri, halafu kikao kinachofuata hubadilishana. Sehemu ngumu kuliko zote ni hiyo ya kutotoa ushauri. Daktari husikia dalili mbili akaanza kuandika dawa. Jozi ya kwanza niliyoianzisha ilivunjika katika kikao cha tatu kwa sababu mmoja wao alimpangia mwenzake maisha yote, hadi shule ya watoto. Jozi ya pili ipo hadi leo.

INTANI WA MAGHARIBI

Narudi baada ya wiki tatu, kama nilivyoombwa katika ujumbe wa faragha.

Tulikuwa watano tuliokubali kuandika daftari la saa. Tulimpelekea mkuu wa idara Jumatatu asubuhi, tukiwa na ukurasa mmoja wa muhtasari. Hakufurahi. Alituuliza ni nani aliyetutuma, tukamwambia hakuna. Alilishika lile daftari, akafungua ukurasa wa zamu yangu ya saa thelathini na mbili, akauliza nani alikuwa bingwa wa zamu siku ile. Nilimjibu kwamba alikuwa yeye. Hakusema neno kwa muda mrefu, halafu akasema tumwachie daftari.

Posho bado imechelewa, na glavu bado ni zile zile. Ila tangu wiki iliyopita makabidhiano ya saa mbili asubuhi yanafanywa tumeketi, na yeye huwepo, na muuguzi mkuu wa wodi huwepo, na tunarudia kila tulichoambiwa kabla mwenye zamu ya usiku hajaondoka. Jumamosi nilikabidhi wagonjwa ishirini na sita. Nilipofika nyumbani niliiweka simu juu ya kabati ikiwa wazi, nikalala. Nilipoamka ilikuwa saa kumi jioni, na ilikuwa imepigwa mara moja tu, na mama yangu.